Kisanduku cha Simu

3 Juni

Kasuku wangu,

Natumai u mzima. Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua nikiinama kuchomelea mageti.

Shangazi yako anasema husemi na watu, chakula unakirudisha jikoni, na hesabu umepata kumi na nane kwa mia. Mimi niliyeishia darasa la sita nakokotoa mabati ya paa zima kichwani! Nimekaa ugenini nakula moshi ili usome, na shukrani ndiyo hii? Chanzo ni simu. Nimeunda kisanduku cha chuma, dereva wa lori anakileta. Simu ikae humo. Ufunguo ninao mimi, maana namjua dada yangu, ukimlilia kidogo anayeyuka.

Baba yako

11 Juni

Baba, shikamoo. Shangazi hajambo. Kisanduku kimefika, umekipiga msasa vizuri.

Kuna watu walibandika uso wangu kwenye picha ya mtu asiye na nguo, wakaisambaza kwenye kundi la shule. Wakaandika kwamba nikiondoka duniani hakuna atakayegundua. Ungeniuliza ningekwambia. Uliuliza alama.

Humo kwenye simu alikuwemo pia rafiki yangu aliyehama shule. Kila jioni ananiandikia, "Bibi Kununa, umekula?" Umemfungia yeye. Wale wengine hawahitaji simu yangu, wananicheka darasani.

Nimechoka. Vitabu vyangu nimempa binti wa jirani. Usijisumbue kuniandikia tena.

Mwanao

14 Juni

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikakaa chini. Nilipiga simu, shangazi akasema umejifunika shuka hutaki kuongea. Nimemwambia asikuache peke yako. Kisha nikaenda zahanati. Muuguzi amesema nikuulize waziwazi, kwamba kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani. Basi nauliza: unafikiria kujiua? Ukisema ndiyo, sitakufokea. Nilipiga hesabu nikakuacha wewe nje.

Shangazi avunje kisanduku. Apige nyundo bawaba ya kushoto, hapo nilichomelea kwa haraka. Mjibu rafiki yako. Ile picha msimtumie mtu yeyote. Matusi na majina yao yahifadhiwe, shangazi ayapeleke kwa mwalimu mkuu na polisi, kisha wewe uwazuie wote kwenye simu yako. Barua hii ikifika, siku hiyohiyo akupeleke kwa mshauri wa hospitali. Muuguzi ameshaongea naye.

Nina mageti ya watu mkononi. Nikiyamaliza, mwisho wa mwezi nakuja.

Baba

16 Juni

Baba, shikamoo.

Ndiyo.

Neno hilo limenichukua asubuhi nzima. Kwa mshauri nililia tu, hakunikatiza, akasema nirudi kesho. Shangazi amehamishia godoro chumbani kwangu, anakoroma kama jenereta. Kisanduku amekivunja, na rafiki yangu alikuwa ananitafuta siku zote hizi. Lakini moyo bado ni mzito. Nikiamka, kifua kinakuwa kama kimewekewa jiwe.

Mwisho wa mwezi ni mbali, Baba. Barua hii shangazi ataipiga picha akutumie, dereva atachelewa. Usinijibu kwa ushauri. Njoo.

Mwanao

Ujumbe wa simu, 16 Juni

Niko kwenye basi. Mwenye mageti amenitukana mpaka stendi, nimemwachia yameegemea ukuta. Sijui nitakwambia nini nikifika, mwanangu. Tutakaa tu. Usizime simu.

Baba