Mayai Yenye Jina la Annelies

Annelies,

Maharage yako jikoni, chapati za mahindi, zile tortila, nimezifunika kwa kitambaa. Nimewahi sokoni kuuza maua, nitarudi saa tisa. Maji yakikatika, chota pipani.

Mama hajakukasirikia, ila leo asubuhi alilia. Alifungua friji akakuta mayai sita, kila moja umeliandika jina lako. Akaniita, "Nicolasa, hebu njoo uone! Tangu lini yai likawa na mwenyewe humu ndani? Kwani tumemwibia nini mtoto wa watu?" Nikamtania, "Labda kuku ndiye aliyetia sahihi, Mama." Hakucheka.

Najua hukuwa na nia mbaya. Uliniambia kwenu wanafunzi hutumia friji moja na kila mtu huandika chake. Lakini hapa Antigua, anayeandika jina anasema hataki kula nasi. Na kweli, wiki ya tatu hii unakula chumbani, nasi tunasikia kijiko chako kikigonga sahani ng'ambo ya ukuta.

Saa nane mwalimu wako wa Kihispania anakuja kuuliza kama unataka kuhamia nyumba nyingine. ~~Ukitaka kwenda, nenda tu.~~ Ukitaka kwenda, mwambie Mama wewe mwenyewe kabla mwalimu hajaingia. Ukitaka kubaki, huna haja ya maneno mengi. Saa saba njoo jikoni na sahani yako, ukae karibu naye. Tangu dada zangu waolewe tumebaki wawili mezani, na Mama siku hizi haongei.

~~Binti wa mwenye nyumba~~
Dada yako,
Nicolasa