Aliyenisikia kutoka bondeni

Jumamosi, Marangu. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, baridi inakata, na mimi naandika nikiwa na furaha tele.

Ngoja nianze na ukweli, maana hapa sijazoea kudanganya.

Nina miezi saba huku. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, nimetoka Singida, na kwenye mtaa huu sina ndugu hata wa kusingiziwa. Watu hawana ubaya. Wananisalimia, wanacheka, kisha wanarudi kwenye Kichagga chao, na mimi nabaki nimeshika tabasamu kama mtu aliyesahau alichofuata dukani. Jumapili kanisani nakaa benchi la nyuma, natoka wa kwanza.

Shule ilipofungwa wiki iliyopita, walimu wenzangu wote waliondoka. Jumatano nikaamka na homa na kikohozi. Nikajikokota hadi zahanati, nikapewa dawa, nikarudi kulala. Mama alipopiga simu nikamwambia naendelea vizuri. Siku hiyo hiyo, nikiwa nimejifunika mablanketi mawili, niliandika barua ya kuomba uhamisho.

Alhamisi hakuna aliyegonga mlango.

Ijumaa nikagombana na Mungu. Sikuomba, niligombana. Nilimwambia, nikifa humu ndani watanijua kwa harufu. Nikamwambia nimekutumikia tangu utoto, nimefundisha Sunday school, sasa umenileta huku juu ukaniacha. Nililia mpaka kikohozi kikanikaba.

Kisha nikaishiwa maneno. Nikauliza neno moja tu: "Upo?"

Sikusikia sauti. Sikuona nuru. Lakini hofu ilitoka kifuani taratibu, kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Chumba kilikuwa kile kile, ila sikuwa peke yangu ndani yake. Siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hapo. Nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nifike.

Leo saa tatu asubuhi nikasikia fimbo inagonga mlango. Nikafungua. Amesimama bibi mmoja mfupi, khanga kichwani, anahema, na chupa ya chai kwapani. Nilimfahamu kwa sura tu. Ni Bibi Manka, anayekaa bondeni, chini ya kihamba, shamba la migomba la mwenye nyumba wangu. Ana magoti mabovu na hatoki kwake. Kwake kuja kwangu ni mlima mtupu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona huimbi?"

Nikakohoa, nimeshika mlango.

"Siku ya nne leo sijakusikia," akasema, huku akiingia bila kukaribishwa. "Nikasema, mwalimu ama amesafiri, ama anaumwa. Na angesafiri ningeona anapita na begi. Kaa chini, unywe."

Kwenye chupa hakukuwa na chai. Kulikuwa na mtori, wa moto, ndizi zimepondwa na nyama hadi zikalainika kabisa. Nikanywa, naye akaongea.

Kila asubuhi naosha vyombo nyuma ya nyumba, naimba nyimbo za kanisani kwa Kinyaturu, lugha niliyofundishwa kusali kwayo nikiwa mtoto. Naimba kwa sababu nyumba iko kimya mno. Sikujua kwamba sauti inateremka hadi bondeni.

"Maneno sielewi hata moja," akasema Bibi Manka. "Lakini tuni ni zile zile. Wewe unaimba chako, mimi naimba changu."

Akanieleza kwamba watoto wake wote wako Dar, wanamtumia kila kitu isipokuwa wao wenyewe. Ni mwaka wa pili hajafika kanisani.

"Nilimwambia Mungu, kama miguu hunirudishii, basi niletee kanisa hapa. Mwezi ule ule ukahamia wewe."

Niliweka kikombe chini. Nililia tena, ila kilio hiki hakikuwa ndugu wa kile cha jana.

Miezi saba! Miezi saba nimekuwa nikimwuliza Mungu kwa nini nipo hapa, na kila asubuhi kulikuwa na mtu bondeni anamshukuru kwamba nipo.

Nilimshika mkono nikamsindikiza kwake, hatua kwa hatua, yeye akinisema kwamba ninakanyaga kama mtu wa tambarare. Niliporudi, nikaichana barua ya uhamisho. Sisemi sitakuwa mpweke tena. Nadhani kuna siku ukimya utanirudia, na pengine nitagombana na Mungu tena. Lakini nimejua kwamba aliniitika Ijumaa, kabla mtu yeyote hajabisha hodi, na hilo sitaki kulisahau.

Nafsi yangu, utakumbuka?

Kesho Bibi Manka ameniamuru nifike kwake saa moja asubuhi. Amewaita wazee wenzake wawili wasioweza kupanda hadi kanisani, na mimi ndiye nitakayeanzisha nyimbo. Mmoja wao hajui Kiswahili. Kichagga changu kinaishia kwenye salamu. Nacheka mwenyewe hapa nikiwaza ibada itakavyokuwa.

Nimefua gauni langu la Jumapili jioni hii, na najua halitakauka. Nitalivaa hivyo hivyo, bichi.