Rangi Chini ya Nati

Limbert mwanangu,

Supu ya chairo iko jikoni, ipasheni moto. Nimepika nyingi, bado sijazoea kupika bila mama yako. Mbwa keshakula.

Najua umenuna. Leo lori lako linabarikiwa kanisani, umeamka ukakuta nimevua magurudumu yote nakwangua rangi yako nyekundu. Ukanifokea mbele ya mkeo: "Mzee, nani kakuita? Unaniharibia sherehe!" Nikaendelea kukwangua. Sasa mmekwenda kununua maua ya kulipamba, ndiyo nakujibu.

Ulipaka rangi mpaka pale nati zinapokalia. Rangi ni laini. Lori likibeba mzigo, rangi inasagika, nati inalegea, na gurudumu linachomoka kwenye kona. Padri atanyunyiza maji, nyinyi mtamwaga bia, lakini nati haijui sikukuu.

Nimezikaza kwa ile spana yenye kipimo. Usichomeke bomba kwenye mpini wake ukairukia kwa miguu; boliti ikivutika haishiki tena. Nimechora mstari mweupe kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Mstari ukikatika, ujue nati imesogea. Jioni ukiondoka na mzigo, simama Caracollo uzikaze tena, maana safari ya kwanza ndiyo huzilegeza.

~~Kanisani nitakuja, nikae nyuma.~~

Kanisani siji, nisije nikakuaibisha tena.

Nitakuwa Caracollo, pale mnapolipia barabara, na spana yangu. Usipotaka kusimama, pita polepole basi, niione ile mistari.

Baba yako