Neno la Rasa na Chumba cha Kufulia

Vårby gård, mtaa wetu huku Uswidi, Jumamosi ya Machi. Theluji imegeuka tope, na moyo wangu uko hivyohivyo.

Asubuhi Rasa wa ghorofa ya juu alishuka na barua ya sifa, aliyoandikiwa na mwalimu mkuu wake wa zamani huko Lithuania. Anaomba kazi kwenye chekechea ya Kiingereza, na kwa kuwa mimi ni Mkenya, anaamini Kiingereza nilikinyonya kwa mama. Anaieleza barua kwa Kiswidi, naiandika kwa Kiingereza. Tulienda vizuri mpaka neno moja la kwao: pilietiškumas.

Kamusi ikatupa "civic-mindedness". Rasa akajaribu kulitamka, akacheka. "Wataniajiri kweli, na hilo siwezi hata kulisema?" Nikampa "good citizen". Akakataa, eti hata anayelipa kodi na kujifungia ndani ni raia mwema. Kwao mwenye sifa hiyo ni mtu anayeona ngazi zimeganda barafu akamwaga mchanga bila kuagizwa.

Kisha akatoa mfano. "Yule aliyeacha chumba chetu cha kufulia kichafu vile juzi, hana hili neno hata kidogo."

Kalamu ikasimama.

Ni mimi. Alhamisi mtoto wangu mchanga alitapikia shuka zote. Nikafua, nikapitisha muda wangu, nikapanda mbio kwa sababu analia. Sakafu nikaiacha na maji ya sabuni, mashine ya kukaushia imejaa nyuzi. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Mama Bahati, Mkongo wa ghorofa ya chini, ambaye siku hiyo hakwenda kufua. Aliyekuja baadaye akasoma ubao wa zamu, akadhani ni Mama Bahati, akabandika karatasi ya hasira mlangoni. Sasa jengo zima linajua ni nani. Linajua vibaya.

"Si ni sisi, mama?" Makena wangu akauliza kwa Kiswidi, mdomo umejaa uji. Ana miaka mitano.

"Kula," nikamwambia kwa Kiswahili, kwa ile sauti anayoijua.

Akala.

Rasa akatazama dirishani. Kama alisikia, alinisitiri. Mwishowe tuliliacha lile neno, tukaandika sentensi nzima: kwamba Rasa hutunza kitu cha wote kama chake. Mwandiko ni wangu. Umependeza kweli.

Na jana tu nilikutana na Mama Bahati mlangoni. Akanishikia mtoto nifunge viatu, akasema taratibu, "Dada, banasema miye niko muchafu."

Nikamwambia pole.

Mimi, nikamwambia pole!

Uchovu ni kweli, sijausingizia. Ila uchovu haukunizuia kusema. Niliona haya, basi. Na Makena hajauliza tena tangu asubuhi. Hilo ndilo linaniuma zaidi, jinsi alivyojifunza upesi.

Ile karatasi nimeibandua, iko mfukoni. Namfunga mtoto mgongoni, Makena anatafuta kiatu cha pili. Lazima tushuke naye. Alinisikia nikimnyamazisha, basi anisikie nikisema.

Mama Bahati, utanifungulia?