Ua Lililozunguka Kushoto

Mama Mkubwa,

Ua jekundu la karatasi lililosimama kando ya Furaha siku ya harusi yake si lile ulilomtengenezea. Lako liliharibika, na mimi ndiye niliyeliharibu. Lile lililopigwa picha nimelitengeneza mimi, nikanyamaza, watu wakalizunguka wakisema ona kazi ya marehemu. Mama yangu hajui. Furaha, binti yako, hajui. Mchungaji alilitaja kwenye mahubiri na mimi nikatazama viatu vyangu. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Nakuandikia kwa kalamu, kwa Kiswahili kile cha vitabu ulichonifundisha kambini, tulipokuwa wakimbizi, maana hiki tunachoongea nyumbani, kilichochanganyika na Kifaransa, ungekisahihisha. Nitaeleza kama mambo yalivyofuatana.

Ulipofariki, yale maua kumi na mawili ya harusi yalikuwa bado ni moja. Ulilimaliza ukiwa kitandani, mito miwili mgongoni, na ulisema la Furaha litangulie, mengine hata mtoto ataweza. Mtoto ni mimi. Lilikuwa pana kama sinia la ugali la watu kumi. Petali zake zilizunguka kushoto kama maua yako yote, kwa sababu ulikuwa unatumia mkono wa kushoto. Yangu yanazunguka kulia. Ndiyo maana mlangoni mwa kanisa ulikuwa unayaweka mawili mawili, lako huku, langu kule, yakawa yanatazamana kama watu wanaosalimiana.

Lakini hilo la mwisho lilikuwa na kitu ambacho maua yako hayakuwa nacho zamani. Ugonjwa ulikuwa umeshafika mikononi, na gundi ilionekana. Ilichuruzika katikati ya petali na kukauka kama nyuzi, na kingo nyingine zilikuwa zimevutwa kupita kiasi. Uliliangalia, ukasema, "Bon, Mungu anaona sikuwa mulevi."

Furaha hakuwahi kukuaga. Siku ile alikuwa zamuni huko Columbus, anamwogesha mzee wa watu, simu yake imefungiwa kwenye kabati la wafanyakazi. Aliposoma ujumbe wetu, wewe ulikuwa umeshaondoka. Baada ya mazishi alikuwa anapiga simu kila Jumapili, anaongea na mama, halafu anasema apewe mimi. Kwangu alikuwa na swali moja tu.

"Ua ya mama iko sawa?"

"Iko sawa."

Jumapili za kwanza ilikuwa kweli.

Wiki niliyomaliza shule nililitoa nje, kwenye baraza ya mbele. Nilitaka mwanga ili nichore umbo la petali zako kwenye magazeti, niyatumie kukatia yale kumi na moja. Nilikuwa nimechora tatu. Baba Neema, jirani anayenipeleka kazini Okolona, akapiga honi mapema kuliko siku zote. Nikachukua chakula changu, nikakimbia. Mvua ilinyesha kabla ya saa sita. Niliiona kupitia mlango wa kupakilia mizigo pale ghalani, nikaendelea kufunga maboksi. Hilo ndilo linalonirudia: niliiona mvua na sikukumbuka.

Wewe ndiye uliyenieleza kwamba karatasi ya krepu, hii yenye mikunjo inayovutika, ikilowa hairudi. Petali zilikuwa zimelala moja juu ya nyingine kama maganda ya nyanya iliyochemshwa. Rangi ilishuka ngazi mbili. Nilimwambia mama nimemwaga juisi. Akasema, "Juisi gani hiyo haitoki na sabuni?" akaenda zake. Alama bado ipo. Anayeleta barua anairuka.

Kilichobaki ni kitako, lile duara la boksi la mafuta ya kupikia ambalo petali zote hugundishwa juu yake. Nyuma yake ulikuwa umeandika kwa kalamu ya wino, herufi zimepinda, "Ya Furaha." Wino haukutoka. Nilikikausha chini ya mfuko wa unga wa muhogo siku tatu, kikatoka kimenyooka.

Nilifikiri kumwambia. Nilishika simu hiyo Jumapili na maneno nilikuwa nayo. Akauliza, "Ua ya mama iko sawa?" na nyuma yake nikasikia kengele ya mgonjwa inaita na yeye anatembea haraka. Nikasema iko sawa. Baada ya hapo haikuwa tena jambo la kusema, ilikuwa kazi ya kufanya.

Nilishuka kwenye chumba chetu cha chini, nikafunga mlango. La kwanza nililitengeneza kwa mkono wangu wa kulia, nikawa nazipanga petali kinyume kwa kufikiri. Mistari ya karatasi niliisimamisha wima, nikaivuta kwa upande tu, nikazifinyanga petali kwa vidole gumba kuanzia katikati. Lilitoka zuri. Ungelisifu. Nililiweka karibu na picha ya ua lako iliyo kwenye simu yangu na mtu yeyote angejua si lako. Lilikuwa ua la mtu mzima wa afya, aliyekaa kwenye kiti chenye meza.

La pili nilijaribu kulichafua makusudi, nikamwaga gundi hapa na pale. Lilionekana kama uongo. Nililikata vipande.

La tatu nilitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu: mkasi, waya, gundi ya moto. Niliungua mara mbili. Mkono wangu wa kushoto hauumwi, Mama Mkubwa, haujui kazi tu. Lakini ulitetemeka, na gundi ikachuruzika yenyewe katikati na kuwa nyuzi, na kingo zikavutika kupita kiasi, hasa zile za ndani. Nikaweka picha kando yake. Yakafanana. Nilikuwa nimekuona mwezi wako wa mwisho wote ukifanya kazi na nilidhani unaona uchungu wa ugonjwa. Sikujua kwamba kilichokukera ni hicho: kichwa kinajua petali iende wapi na mkono unafika mahali pengine.

Mama alidhani huko chini ninakulilia. Alikuwa ananiachia chai nje ya mlango na kuondoka polepole. Sikumsahihisha. Kuwa mtu wa haya kuna faida, hakuna anayekuuliza mara mbili.

Petali hizo nilizigundisha kwenye kitako chako. Yale kumi na moja nikayatengeneza kwa mkono wangu, yote yanazunguka kulia.

Harusi ilifanyika Columbus. Bwana harusi ni wa Buffalo, sisi wa Louisville, wazee wakaamua tukutane katikati ili pasiwe na upande wa kulalamika. Walilalamika wote. Baba Neema aliazima gari la kanisa, akafungua mlango wa nyuma, akayaona maua yamejaa mpaka kiti cha mbele.

"Bon. Maua itakaa kwenye viti, na siye watu tutakwenda kwa miguu, donc?"

Mama akamwambia, "Weye endesha. Maua haikuulizi njia."

Nilisafiri na lile moja mapajani, kitako kimenigusa magotini, na sikuona barabara kwa sababu petali zilinifunika uso.

Ukumbini wakwe walikuwa wameshafika. Shangazi mmoja wa bwana harusi alisimama mlangoni akituangalia tunavyoshusha. "Nyie watu ya Louisville muko na maua kubwa kuliko magari yenu."

"Na nyie ya Buffalo muko na theluji kubwa kuliko nyumba," Baba Neema akamjibu. "Shika hapa, shemeji, usiangalie tu." Akashika.

Niliyapanga kama ulivyokuwa unapanga. Lako nililiweka upande wa kiti cha Furaha, langu upande wa bwana harusi, yakatazamana. Ninaandika "lako" kwa mazoea.

Furaha alikuja kabla ya kuvaa gauni, nywele zimeshasukwa, kandambili miguuni. Alisimama mbele ya ua. Halafu akanyoosha kidole, akaingiza katikati ya petali za ndani, akagusa zile nyuzi za gundi.

"Ona," akasema. "Mikono ilikuwa inamutetemeka. Na alimaliza tu."

Akalishika kwa mikono miwili, akaligeuza, akaangalia nyuma. Sikuwa nimemwambia kuna maandishi. Alijua mwenyewe, alikuwa mtoto wako kabla mimi sijazaliwa. Akasoma yale maneno mawili kwa sauti. Akaweka shavu lake kwenye boksi, hapo kwenye wino, akakaa hivyo mpaka wanawake wakaanza kumwita akavae.

Kabla ya kwenda aliniambia, "Nilikuwa naogopa umeiharibu. Kila Jumapili ulikuwa unajibu haraka sana."

"Mimi ninajibu haraka kila mtu," nikasema.

Alicheka. Akanishika kichwa kama ulivyokuwa unanishika, kwa kukisukuma kidogo, akaondoka.

Nimewaza sana kama nilimdanganya. Maandishi ni yako, na alipoweka shavu aliliweka hapo, si kwenye petali. Lakini kidole chake kiligusa gundi yangu na akaona mkono wako. Sijui la kufanya na hilo. Nimeamua kuliacha kama lilivyo.

Sasa ua lipo Columbus, kwao, ukutani juu ya kabati, mbali na dirisha. Ameniambia kwamba akitoka zamu huwa analisalimia. Yale mengine kumi na moja yaligawanywa, manne yalikwenda Buffalo. Dada wa bwana harusi, anayekaa Lower West Side huko huko Buffalo, amenipigia simu. Anaolewa mwakani, anataka ya manjano, makubwa kuliko yale. Akauliza kama ninaweza kuyatengeneza yazunguke kama lile la marehemu, maana ndilo lililompendeza. Nilimwambia hapana, hilo lilikuwa na mwenyewe. Yangu yanazunguka kulia. Akasema sawa. Nafikiri hiyo ndiyo simu ndefu kuliko zote nilizowahi kuongea na mtu nisiyemjua.

Mkasi wako ninao. Vishikio vyake ni vya mkono wa kushoto, kwa hiyo siutumii, ninaupaka mafuta tu usishike kutu. Kwaheri, Mama Mkubwa. Nakuahidi sitatengeneza tena ua kwa mkono usio wangu. Na nakuahidi nitaangalia mbingu kabla ya kuacha kitu barazani.

Nina ombi moja. Siku moja, iwe mbali, Furaha atafika huko uliko, na ninavyomjua, kabla ya yote atakushukuru kwa lile ua. Tafadhali usimwambie. Itikia tu, kama aliyelitengeneza.

Mtoto wako wa Beechmont, Louisville