Uzi Uliomponya Abdi Wangu

Hapana, Dada Habiba, si maringo, na umwambie Mjomba hivyo leo hii. Salaam aleikum kwanza, maana furaha imenitangulia. Mama hajambo? Kifua chake je? Sisi hapa Isiolo tu wazima, alhamdulillahi, nami nampenda mume wangu hata naona haya kuandika.

Siku ya harusi Abdi alikula amesimama, Mjomba akasema tumeozesha mtu wa kiburi. Dada, hakuweza kuketi! Jipu la zamani kando ya njia ya haja kubwa lilimwachia kitundu kisichofunga, kinachotoa usaha. Huko Korbesa waganga walimchoma kwa chuma cha moto, bure. Udhu haukumkaa, akawa anaswali peke yake nyuma ya lori lake. Aliponieleza alilia. "Rukia, ungejua ungenikubali?"

"Hata ungekuwa na matundu saba," nikamjibu.

Nikampeleka hospitali ya misheni. Daktari akampima, akasema kitundu kimepita katikati ya msuli unaozuia choo. "Nikiupasua wote mara moja, kidonda kitapona, lakini huenda choo kikamtoka bila yeye kutaka."

"Basi niachie usaha wangu," Abdi akasema, akitafuta viatu.

"Tulia, bwana. Nitapitisha uzi kwenye kitundu na kuufunga. Nitaukaza kidogo kidogo, ukate msuli taratibu, nyama ishikane nyuma yake."

Kila ulipokazwa alinibana mkono, mpenzi wangu, jasho likimtoka. Nyumbani nilimkalisha ndani ya maji moto ya chumvi, kwenye karai ulilotutunza harusini. Jirani akapiga kelele uani: "Bibi harusi, karai hilo halipumziki? Mnaoga mchana kutwa!" Nikacheka tu. Na aone wivu.

Uzi ukaanguka wenyewe. Je, msuli utashika? Abdi aliogopa hata kukohoa. Kisha akanywa maziwa ya ngamia, tumbo likamwendesha! Akaenda chooni polepole kama sultani, mimi nje nikisoma dua zote ninazozijua. Mara nikasikia, "Rukia! Nimezuia!" Nikapiga vigelegele, Dada, mtaa mzima ukasikia. Sasa kidonda kimefunga, na Ijumaa aliswali safu ya mbele. Mungu amlipe daktari yule.

Msalimie shemeji, na shangazi aliyenipaka hina. Mama mwambie lilikuwa jipu la paja. Akijua la kweli, mkwewe atakufa kwa aibu. Abdi akishusha mbuzi wa Oldonyiro tunakuja Naivasha. Mwezi huu hautaisha hujatuona mlangoni.

Mdogo wako mwenye raha,
Rukia