Miche Mitatu Langoni

Jumatatu, 14 Oktoba
Jana alasiri upepo na mvua ya mawe vimelaza migomba 140 kati ya 180 niliyonayo. Mingi imeng'oka na visiki vyake. Kibanja hiki cha Ijumbi nilikinunua kwa pesa ya maandazi niliyouza Rwamishenye, miaka tisa mbele ya moto. Leo nimefyeka mchana kutwa. Hakuna aliyepita hata kusema pole. Sawa.

Jumanne, 15 Oktoba
Nimefyeka tena. Machipukizi yaliyosalimika hayatoshi. Nisipopanda mvua hizi, mwakani nanunua ndizi sokoni kama mtu wa mjini.

Jumatano, 16 Oktoba
Ajabu. Asubuhi nimekuta miche mitatu langoni. Imefungwa vizuri kwa jani la mgomba. Mizuri, minene. Nani?
Siwezi kuipanda. Mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, ulimaliza vibanja vizima hapa kwa miche ya kuokota. Nikikosea, hata ile arobaini iliyosimama inakwenda. Nimeiweka kivulini.

Alhamisi, 17 Oktoba
Mitatu mingine. Nimemuuliza Ma Koku, jirani wa juu. Amecheka mpaka akakaa chini. "Umepata mchumba, waitu! Kwa umri wetu hawaleti maua, wanaleta miche."
Si yeye. Migomba yake yote imelala.

Ijumaa, 18 Oktoba
Tena mitatu. Ya kwanza inaanza kusinyaa. Nimekaa nayo nikaichunguza kama daktari. Ni nchoncho, ndizi ya kupika. Kwenye mizizi kuna majivu.
Hapa anayemwaga majivu shinani ni mmoja. Ta Bonifasi, jirani wa chini. Mnyauko ulipommaliza nilimpa miche ishirini, bure. Baadaye akasema mlamula, mti wetu wa mpaka, umetembea kuelekea kwake, eti nimeuhamisha. Miaka miwili hatusemeshani. Kanisani tunapeana mkono wa amani huku kila mtu akitazama dari.
Anataka nini? Anatubu au ananiletea ugonjwa? Nimekasirika. Pia siwezi kuacha kuwaza.

Jumamosi, 19 Oktoba
Mitatu. Jumla kumi na miwili.
Nimeshuka kwake. Kwanza nilichungulia visiki alivyokata. Vyeupe, hakuna utomvu wa njano, ile dalili ya mnyauko. Akanikuta nimeinama shambani mwake.
"Ni ya kwako hiyo, ile uliyonipa," akasema. "Imezaa. Au ulidhani nakuletea mnyauko?"
Ndicho nilichodhani.
Wakati wa kurudi nimeona migomba yake. Yake nayo imelala zaidi ya nusu. Amechimba kutoka ile iliyobaki. Kwa nini hakusema? Labda kwa sababu nami nisingejibu.

Jumapili, 20 Oktoba
Baada ya misa nimepanda tisa. Kila shimo nimeweka majivu. Mvua nyepesi, bila upepo. Nashukuru. Naandika hapa kwa kuwa mdomoni shukrani bado haijatoka.
Mitatu nimeilaza chini ya mlamula. Nimemtuma Ma Koku ashuke na maneno haya, asiongeze yake: Ta Bonifasi, hii mitatu ya chini ya mlamula niipande upande upi, wangu au wako? Sitaki salamu, nataka jibu. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa pale na jembe.